Bi Mize na Ukuta Uliovishwa Makuti

Paukwa!

— Pakawa.

Hiyo pakawa yenu imelowa. Imetoka kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa na paa linalovuja. Hebu tuikamue, tuianike, kisha tuiseme tena. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Mwenye kutafuna muwa atafune taratibu, asinimezee maneno.

Hapo zamani za kale, mababu wa mababu zetu wakiwa bado watoto, palikuwa na kijiji kando ya bahari. Jina lake silisemi, maana kila nikilisema hutokea mtu akadai ni kwao. Katika kijiji hicho mvua haikuwa mgeni. Ilikuja ikakaa. Chwa, chwa, chwa, asubuhi. Chwa, chwa, chwa, jioni. Na penye mvua pakaja chumvi. Kisu ukikisahau uani siku tatu, unakikuta kimeshika kutu.

Nyumba za kijiji hicho zilikuwa za miti na udongo. Unasimika nguzo, unafunga fito, kisha unakandika. Kukandika ni kuchota udongo kwa mikono miwili na kuubandika kwenye fito, ukiukandamiza kwa vidole. Pa! Pa! Pa! Ukuta unabaki na alama za vidole juu mpaka chini. Unauacha ukauke. Ukishakauka, unausiriba. Kusiriba ni kupaka udongo laini juu ya ule wa kwanza, ukasugua na kusugua, hata vidole visionekane tena. Ukuta uliokandikwa ukaachwa bila kusiribwa haumalizi masika. Hilo hata watoto walilijua.

Yashikeni maneno hayo mawili. Kukandika, kisha kusiriba. Hadithi yangu imelala katikati yake.

Basi, katika kijiji hicho aliishi mwanamke aitwaye Mwatima, na mumewe Faki, mkata boriti. Faki alikuwa na mikono mikubwa na maneno machache. Mwatima alipokuwa na mimba ya kwanza, Faki alianza kujenga nyumba yao. Kuta tatu akazikandika na kuzisiriba. Ikabaki ya nne, ile iliyotazama kusi, upande unaopigwa na mvua kuliko pande zote.

Siku hiyo alikandika tangu alfajiri. Pa! Pa! Pa! Alipofika karibu na dirisha, kizunguzungu kikamshika. Akauegemea ukuta kwa kiganja cha kulia, kiganja kizima, akasimama pale akitafuta pumzi. Akaomba maji. Akanywa, akasema ukuta utasiribwa Ijumaa. Ijumaa ilipofika, watu walikuwa wanatoka kumzika.

Mwatima akakaa eda. Na eda ya mwenye mimba humalizika siku anayojifungua, kwa hiyo yake ilikuwa fupi. Akazaliwa mtoto wa kike, akaitwa Kazija. Arobaini ilipotimia, Mwatima akatoka, akauzunguka upande wa kusi wa nyumba kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akaviona vidole vya Faki. Mistari na mistari, juu mpaka chini, kila kidole mahali pake. Na kando ya dirisha, usawa wa kifua, kiganja kizima.

Akauchukua mkono wa Kazija, mkono mdogo usiojua kitu, akauweka ndani ya kiganja kile.

"Huyu ndiye baba yako," akamwambia.

Hakuwa na kingine cha kumwonyesha. Nguo za marehemu zilikwisha kugawiwa, shoka lake alilichukua nduguye. Mwatima alimtamani Faki asubuhi akiwasha moto, alimtamani jioni akifunga mlango, alikitamani hata kile kikohozi chake cha alfajiri kilichokuwa kikimkera. Sasa ameonyeshwa mahali ambapo mkono wake bado upo. Nani angebanduka hapo?

Lakini mawingu ya masika yalikuwa yanakusanyika.

Wanawake wa mtaani wakaja na vikapu vya udongo na mitungi ya maji, wausiribe ukuta wa mjane, kama ilivyo ada. Mwatima akasimama mbele yao, mtoto begani. Akawaambia kuta nyingine waziguse wapendavyo, ila huu wasiuguse. Wakambembeleza. Wakamkumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mmoja akasema basi wapake chokaa tu, chokaa nayo ni kinga. Mwatima akakataa udongo, akakataa chokaa. Wakaondoka na vikapu vyao wakinong'ona kwamba msiba umempanda kichwani.

Na nyinyi mnaocheka hapo, subirini yawafike.

Mwatima akafanya alivyoona inafaa. Akatoa mikeka yake miwili ya miyaa, ile ya harusi, akaitundika juu ya ukuta. Mvua ikaja. Chwa, chwa, chwa. Mikeka ikalowa, ikawa mizito, ikagandamana na udongo. Mvua ilipokatika akaibandua, na mikeka ikaondoka na mstari mzima wa vidole, ule wa juu ya dirisha. Akabaki ameushika mkeka, amesimama, anautazama udongo uliong'ang'ania kwenye miyaa. Alitaka kuurudisha. Udongo haurudishwi hivyo.

Ndipo akaja shemeji yake, Pandu, ndugu mkubwa wa Faki. Pandu alikuwa seremala. Aliona ukuta, aliona mikeka, hakuuliza sana. Alikuwa na mbao za mvule alizoziweka miaka mingi kwa ajili ya milango. Akazileta zote.

"Mvule hauozi, shemeji," alisema. "Mchwa hawauli, maji hayauingii. Nitaufunika ukuta wa ndugu yangu kwa mti ambao wajukuu zetu wataukuta."

Mwatima akamwuliza kama haifai kungoja ukuta ukauke kwanza, maana mvua ya juzi ilikuwa bado imo ndani. Pandu akajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na mawingu hayo hapo. Akazipigilia mbao juu ya udongo, zikabana kabisa, ubao kwa ubao. Ko! Ko! Ko! Hata wembe usingepita. Kijiji kizima kikaja kutazama. Nyumba ya mjane ikawa nzuri kuliko ya jumbe.

Mvua ikaendelea. Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili, Mwatima akaukuta ukuta kwa ndani umelowa jasho. Wiki ya tatu ukungu mweusi ukaota pembeni mwa kitanda, na nyumba ikanuka uvundo. Na Kazija akaanza kukohoa. Kho, kho. Kho, kho, kho. Mtoto wa miezi mitatu anakohoa mpaka macho yanatoka machozi. Na nyuma ya mbao, mahali pasipoonekana, Mwatima akawa anasikia kitu kinaanguka. Pwata. Kimya. Pwata.

Kila pwata moja alijua ni udongo wa Faki. Na kila kho moja alijua ni kifua cha mwanawe. Akakaa katikati ya sauti hizo mbili, hajui aikimbilie ipi kwanza.

Sasa niwatajie Bi Mize, maana yeye ndiye niliyemjia.

Bi Mize alikuwa mshona makuti, mzee wa siku nyingi. Umri wake hakuujua. Alisema alizaliwa mwaka wa nzige, na hapakuwa na mtu aliyebaki wa kusema ulikuwa lini. Alikuwa na mguu mmoja mbovu na ulimi mzima. Nyuma ya nyumba yake alikuwa amechomeka ardhini vipande vya mbao na udongo vya kila namna, vyote vikitazama kusi, na kila mwaka aliviongeza. Watu walipaita mahali hapo makaburi ya mbao, wakamwacha na wazimu wake.

Siku hiyo alikuwa anapita kufuata majani ya minazi. Akakisikia kikohozi. Akapiga hodi, Mwatima akamkaribisha, akamwamkia shikamoo. Bi Mize akaitikia marahaba, lakini hakuketi. Alizunguka nje, akalaza sikio kwenye mbao za Pandu, akagonga kwa kidole. Ngo, ngo, juu. Du, du, chini.

"Ukuta wako unatoka jasho, mwanangu," akasema. "Wamemvisha koti mtu aliyetoka kuoga, wakamfunga na vifungo. Atapona vipi?"

Mwatima akalia. Akamweleza yote, vidole, kiganja, mikeka, mbao. Bi Mize akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza swali moja tu.

"Kiganja hicho, unataka kukiona, au unataka kiwepo?"

Mwatima hakuelewa. Bi Mize akamwambia aende akalifikirie, maana akitaka kukiona kila siku, basi akiache wazi, na kabla masika hayajaisha hakitakuwepo. Akitaka kiwepo, itabidi akubali kutokiona. Vyote viwili hawezi kumpa, na hamjui mtu awezaye. Akachukua mkongojo wake akaenda zake.

Mwatima alikaa na swali hilo siku nzima. Alimnyonyesha mtoto nalo, alitwanga nalo. Alikumbuka kwamba hata sasa hakioni, kimo nyuma ya mbao, na anateseka kwa kuwa hajui kama kipo. Siku ya pili asubuhi akambeba Kazija mgongoni, akaenda kwa Bi Mize.

"Nataka kiwepo," akasema.

"Basi njoo nikuonyeshe makaburi yangu."

Bi Mize akamtembeza nyuma ya nyumba, akamwambia aguse. Mwatima akagusa ubao wa mwembe. Kidole kikazama kama kwenye uji. Akagusa ubao wa mnazi. Kwa nje mzima, kwa ndani mchwa wamehama na kuacha vumbi. Akagusa kipande cha udongo kilichopakwa chokaa kabla hakijakauka. Chokaa ikambandukia mkononi kama ganda la yai. Akagusa mvule, mgumu, mzima, ila misumari yake ilikuwa imeliwa na chumvi, na ukuta mdogo wa udongo uliokuwa nyuma yake umekuwa tope. Mvule ulisimama peke yake. Haukuwa unakinga kitu.

Mwisho akagusa kuti. Lilikuwa jeusi, limechakaa, limeng'atwa na upepo. Bi Mize akamwambia atie mkono nyuma yake. Mwatima akatia. Udongo wa nyuma ulikuwa mkavu.

Bi Mize akamfafanulia. Mvua ya upande huu haina haya, lazima itaingia. Basi usiifungie mlango. Ipe njia ya kutoka. Kuti huachwa mbali na ukuta, upana wa kiganja. Maji yakipenya, yateremke. Upepo upite katikati, ukaushe kilicholowa. Juu liingie chini ya upenu, chini lisifike ardhini, ili mchwa wasipate ngazi. Na nguzo za kulishikilia ziwe za mkoko, kwa kuwa mkoko umelelewa na chumvi, hauiogopi.

"Lakini kuti halidumu, bibi," Mwatima akasema.

"Halidumu. Masika matatu, kisha utaliondoa ushone jingine. Nguo haidumu ili mwili udumu."

Wakamwendea Pandu. Mwatima aliogopa atachukia. Pandu alisikiliza, akainamisha kichwa, akachukua nyundo, akaja mwenyewe kuing'oa misumari yake. Hakutaka mtu amsaidie. Ubao wa kwanza ukatoka na udongo. Wa pili ukatoka na udongo. Vidole vya nduguye vikawa vinaanguka miguuni pake, pwata, pwata. Alipofika kando ya dirisha, akaweka nyundo chini. Akauvuta ubao polepole, kama mtu anayembandua mtoto kitambaa kwenye kidonda. Kiganja kilikuwepo. Kidole cha mwisho kimeondoka, vinne vimebaki.

Pandu akakitazama. Akasema, "Na mimi alikuwa ndugu yangu," akaondoka. Kesho yake akarudi na nguzo za mkoko, akazisimika bila kuambiwa, akapima upana wa kiganja kila mahali kwa kiganja chake mwenyewe.

Mvua ikawapa siku nne za jua. Ukuta ukapumua. Bi Mize akakaa uani kwa Mwatima akashona. Aliyachukua majani ya mnazi aliyoyaloweka maji ya chumvi siku saba, akayakunja juu ya fito, akayafunga kwa ukindu. Shwa, anavuta. Shwa, anavuta. Na akishona aliimba, nanyi mwitikie:

Kuti juu ya kuti, maji yapate njia.

— Shona!

Kuti juu ya kuti, upepo upate njia.

— Shona!

Masika hayana haya, nami sina haraka.

— Shona, mwanangu, shona!

Siku ya nne wakayatundika. Kabla ya kuti la mwisho, Bi Mize akageuka upande akajidai anatafuta sindano yake, ili Mwatima apate kuaga. Mwatima akaweka kiganja chake katika kile cha Faki. Kisha kuti likashuka.

Mvua ikaja. Chwa, chwa, chwa. Ikapiga makuti, ikateremka, ikaenda zake. Wiki mbili na ukungu ukakauka. Wiki tatu na Kazija akalala usiku kucha bila kukohoa. Mwatima alipopita upande wa kusi alikuwa akigusa makuti, akijua. Hamu haikuisha, nani aliwadanganya kwamba hamu huisha? Ila ilipata mahali pa kukaa.

Na Bi Mize akawa anakuja. Anapita akienda kufuata majani, anaketi, anamfundisha Mwatima kushona, anaisema vibaya mishono yake. Anampakata Kazija. Mwatima hakuwa na mama. Hakujihesabu kuwa amempata mwingine. Alizoea tu kuusikia mkongojo wake ukija, ti, ti, ti, na kuongeza kibaba cha mchele.

Masika ya pili yakapita. Masika ya tatu yalipokwisha, Bi Mize akaenda kulala mchana, hakuamka. Walimzika kando ya wazee wenzake, na mvua ndogo ikanyesha.

Ukaja mwaka wa nne. Kaskazi ikavuma, jua likawaka, na ilikuwa zamu ya kubadilisha makuti. Mwatima alikuwa ameshashona mapya, yamepangwa uani. Lakini hakuyatundika. Siku ya leo akasema kesho. Wiki hii akasema ijayo. Pandu akaja kuuliza, akaambiwa bado. Wanawake wa mtaani wakauliza, wakaambiwa bado. Mawingu yakaanza kuonekana. Mvua moja ya mapema ikanyesha, na ndani ya nyumba, pembeni mwa kitanda, tone likapenya juu ya ukuta wa kusi, likaanguka. Ndo. Ndo. Ndo.

Mwatima akatoka akasimama mbele ya makuti yale ya zamani. Bi Mize alikuwa akishona kwa mkono wa kushoto, na mishono yake ililala kinyume na ya watu wote. Kijiji kizima hakikuwa na mishono mingine kama ile, na nyumba nyingine zote alizozishonea zilikwisha kubadilishwa. Ilikuwa imebaki hapo tu. Mwatima akapitisha kidole juu ya ukindu, mshono kwa mshono. Umeoza, unakatika ukiugusa. Na hili ndilo lililomwumiza: kiganja cha Faki aliweza kukivisha. Kuti unalivisha nini?

Ndo. Ndo. Ndo.

Akalishusha la kwanza. Akalishusha la pili. Hakumwita Pandu. Akayashusha yote, akayarundika uani, na ukuta wa kusi ukabaki uchi juani. Vidole vya Faki vilivyosalia vilikuwepo, vikavu kama siku ile. Kiganja kilikuwepo, na vidole vyake vinne. Kwa miaka mitatu Mwatima aliingoja siku hii, akijua atakavyolia. Akakigusa. Akasema salamu. Hakulia.

Akageuka, akaliona lile rundo la makuti makuukuu. Hapo ndipo alipokaa chini akalia.

Kazija alikuwa na miaka mitatu na ulimi mwepesi. Akaja, akamtazama mama yake, akautazama ukuta.

"Mama, unamlilia baba?"

"Leo simlilii baba, mwanangu. Namlilia Bi Mize."

"Mkono wake uko wapi?"

Mwatima akafuta macho, akainuka. Akamshika mtoto mkono, wakaenda kuyachukua makuti mapya. Akalitundika la kwanza, upana wa kiganja kutoka ukutani. La pili juu yake. Juu chini ya upenu, chini mbali na ardhi. Jua lilipopinduka alikuwa amemaliza, na mawingu yalikuwa yamefika.

Na makuti makuukuu yana kazi moja tu duniani. Mwatima akachukua moja katika rundo, akalivunja kwa goti, akaliingiza chini ya chungu. Likawaka upesi, likapiga mlio. Moshi ukamjaa machoni, hakujikinga. Akakoroga uji, akaupoza, akamwita Kazija, naye akanywa bakuli zima. Rundo lile likawapikia siku tisa. Siku ya kumi Mwatima alitoka uani asubuhi, akakuta pamebaki majivu, akayafagia.

Wakubwa wakasema: unachokipenda kivishe, na nguo yake ikichakaa uivue kwa mkono wako. Anayeng'ang'ania nguo huupoteza na mwili.

Atakayeniuliza kama kiganja kile kipo mpaka leo, nitamjibu kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba Mwatima alibadilisha makuti yale mara kumi na moja maishani mwake, na mara zote kumi na moja alipika kwa yale ya zamani.

Hapa ndipo mwisho wa ngano yangu. Aliyepaacha nyumbani kwake panavuja, na ainuke.